Jiwe Lisilookotwa

Wazee wetu walisema kuwa mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii, msomaji, imewatoa watu wengi majumbani mwao, na wengi katika hao hawakurudi mikono mitupu. Lakini iko nchi moja duniani ambayo mgeni huruhusiwa kuizuru na hukatazwa kuokota. Nchi hiyo ni Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia. Nataka kukusimulia siku za mwisho za safari yangu huko, maana katika siku hizo nilifahamu sababu ya katazo hilo.

Mwezi wa Februari, mwaka wa 2024, mimi na walimu wengine wachache wa nchi mbalimbali tulipewa nafasi katika merikebu ndogo yenye abiria 98. Usidhani kuwa udogo wake ulikuwa kasoro. Kwa taratibu zinazofuatwa katika maji yale, watu wasiozidi 100 ndio waruhusiwao kushuka mahali pamoja kwa wakati mmoja, na merikebu yenye abiria zaidi ya 500 haishushi hata mtu mmoja. Chombo kidogo hukaribia, na kikubwa hutazama kwa mbali.

Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, ambao barafu wameijua kwa kuitazama juu ya Mlima Kenya tu, nayo inazidi kupungua, walinituma kitu kimoja: jiwe. Walisema kuwa picha imo katika kila kitabu, lakini jiwe hushikwa mkononi. Sikuwaahidi, wala sikuwa na moyo wa kuwakatalia.

Zilipobaki siku nne safari iishe, tulifika kisiwa cha Cuverville, tukashuka kwa mashua za mpira. Viatu vyetu vilikuwa vimeoshwa kwa dawa, tusije tukapeleka mbegu wala maradhi. Tulionywa tusikae chini, tusipige magoti, wala tusiweke mfuko ardhini, kwa kuhofia homa ya ndege. Tulitakiwa kukaa mita 5 mbali na kila pengwini; naye pengwini akikatiza njia, binadamu husimama mpaka mwenyeji apite.

Pale wako maelfu ya pengwini wa aina ya gentoo, wenye midomo ya rangi ya machungwa na alama nyeupe juu ya macho. Nilimwona mmoja akipanda kutoka ufukoni kwa shida, kokoto imo mdomoni mwake. Alifika kiotani, akaiweka, akainama kama mtu atoaye mahari. Kiongozi wetu akatueleza kuwa ndege hawa hujenga viota kwa kokoto ili mayai yasilowe maji ya theluji iyeyukayo. Katika bara lile hakuna mti hata mmoja. Kokoto ndiyo tofali, ndiyo mbao, ndiyo mali. Majirani huibiana mchana kweupe, na ugomvi wao husikika mbali. Basi kile ambacho kwangu kingekuwa ukumbusho, kwao kilikuwa nyumba.

Kesho yake tuliingia kisiwa cha Deception. Kisiwa hiki ni volkano iliyobomoka katikati, bahari ikaingia kwa mlango mwembamba. Merikebu hupita hapo ikajikuta ndani ya mlima. Kokoto zake ni nyeusi, na mahali pengine mvuke hufuka ufukoni. Huko waliwahi kufika watu ambao hawakukatazwa kuokota. Mwaka wa 1912 kampuni moja ya Norwe ilijenga kiwanda cha kupika mafuta ya nyangumi, kikafanya kazi hadi mwaka wa 1931, bei ya mafuta ilipoanguka. Matangi makubwa yaliyoliwa na kutu yangalipo, na mifupa imetapakaa pwani. Volkano ililipuka mwaka wa 1967, na tena mwaka wa 1969, ikatiririsha tope lililofunika makaburi ya wafanyakazi. Nyangumi wa bahari za kusini walipungua mno, hata mwaka wa 1982 mataifa yakaamua kusimamisha uwindaji wa biashara. Nadhani hakuna mwindaji hata mmoja aliyeona kuwa yeye ndiye aliyewamaliza. Kila mmoja alichukua sehemu yake tu.

Niliporudi merikebuni kwa mara ya mwisho, baharia mmoja kijana kutoka Ufilipino aliinua mguu wangu akachunguza soli ya kiatu. Ndani ya mfuo mmoja ilikwama kokoto nyeusi, ndogo kama punje ya mahindi. Moyo ulinidunda.

"Wanafunzi wangu waliniomba jiwe," nikamwambia, "na hili sikuliokota. Limenifuata lenyewe."

Alilichokoa kwa kijiti, akaliweka kiganjani mwangu nilitazame. "Mwalimu," akauliza, "una wanafunzi wangapi?"

"Arobaini na wanane."

"Nami kila mwaka nasafisha viatu vya watu wengi kuliko hao."

Hakuongeza neno. Nililitazama jiwe kitambo, nikamrudishia. Naye akampa mwendesha mashua aliyekuwa akienda kuwachukua viongozi waliosalia pwani, jiwe likarejea kwao.

Jioni ile tuliukabili mlango wa bahari wa Drake, wenye upana wa kilomita 800 hivi, ambamo mawimbi huizunguka dunia bila kukutana na nchi kavu ya kuyazuia. Kwa siku mbili viti vilifungwa, vitambaa vya meza vililoweshwa ili sahani zisiteleze, na abiria waliojidai hodari walitoweka mmoja mmoja. Ndipo nilipoielewa methali ya mabaharia wetu wa pwani: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nililala nimeshika ukingo wa kitanda, nikiwaza nitawaambia nini wale watoto.

Nilipopata nguvu, nilikwenda katika maktaba ya merikebu nikasoma habari za Mkataba wa Antaktika, uliotiwa sahihi na mataifa 12 tarehe 1 Desemba, 1959, ukalitenga bara lile kwa ajili ya amani na elimu. Itifaki ya mwaka wa 1991 ilikataza hata kuchimba madini yake. Nikaona kuwa fikira iliyomzuia mwenye mitambo ndiyo iliyonizuia mimi mwenye kiatu, wala sikuona uonevu.

Usiku wa mwisho tuliingia mlango wa Beagle, na kulipopambazuka nikaona miti. Harufu ya majani mabichi ilinijia kama salamu za ndugu. Gatini Ushuaia, nchini Ajentina, watu waliokula meza moja kwa siku 10 walipeana mikono, wakatawanyika.

Nilifika shuleni bila kitu. Nilipima mita 5 kwa kamba uwanjani, nikawasimulia habari za kokoto na nyumba, za nyangumi na matangi, na za kiatu changu. Walinyamaza. Kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hilo jiwe ulilishika?"

"Nililishika."

"Kwa mkono upi?"

Nikauinua wa kulia. Akaja akaushika, na nyuma yake wakapanga mstari wenzake, mpaka wote 48 wakapita.

Msomaji, wazee hawakukosea: anayekwenda huenda akaokota. Nawe ukijaliwa kusafiri, okota uwezavyo kwa macho na kwa masikio. Lakini kabla ya kutia kitu mfukoni, uliza kwanza kama si tofali la nyumba ya mtu.