Jicho la Kima Punju

Wapo waaminio kwamba picha nzuri ya mnyama hutoka katika lenzi ya bei kubwa. Mimi simo. Hapa Unguja, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua hupanda upesi. Ikifika saa tatu asubuhi uso mweusi wa kima punju huwa kama doa la wino, macho hayaonekani. Basi huenda Jozani mapema, au hungoja wingu jepesi, ambalo hutandaza mwanga hata chini ya paji la uso.

Kisha hulenga jicho lililo karibu nami, si pua. Tundu la lenzi likifunguliwa sana, sehemu inayotoka wazi huwa nyembamba mno: pua ikaonekana, jicho likafifia. Hungoja atulie akitafuna, ndipo nabonyeza.

Mnyama huyu yuko visiwa hivi tu, duniani kote. Wakulima walimwita punju, yaani sumu, wakiamini kwamba huua miti. Na jirani yangu alikuwa mmoja wao. Nilimpa picha moja, macho yanamtazama. Aliishika kitambo, halafu akaniuliza, "Huyu ni jike?"