Sare za Januari

Desemba mwaka jana mjukuu wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alikuja kututembelea hapa kijijini, akaniletea zawadi ya kikapu cha ukindu chenye mishikio ya ngozi. Kikapu kizuri, sikatai. Pembeni kilikuwa na kijikaratasi kilichofungwa kwa uzi, kimeandikwa kwamba kimesukwa kwa mkono hapa hapa nchini, kwa njia isiyodhuru mazingira, na kwamba aliyekisuka amelipwa kwa haki. Nikamwuliza bei. Alipoitaja niliweka miwani mezani. Kwa fedha ile bibi yake angenunua vikapu sita mnadani, na chenji ya kilo ya sukari ingebaki.

"Babu," akaniambia, "hapo unalipia na haki."

Neno haki nalijua. Nimelifundisha miaka mingi katika somo la Siasa, na baadaye Uraia, lakini sikupata kulisikia likiuzwa dukani. Sisi tukienda dukani tulikuwa tukiuliza mambo mawili tu: bei gani, na itadumu? Nilitaka kucheka, lakini usiku ule sikupata usingizi vizuri. Neno lile lilikuwa limenikumbusha jambo nililolifanya mwaka 1996 nikiwa mwalimu mkuu, ambalo sijapata kuliandika mahali popote.

Ndugu msomaji, sisi wa Kwimba ni watu wa pamba. Marehemu baba aliilima maisha yake yote. Mbegu zilitoka Ukiriguru. Zikipandwa wakati wa mvua za Novemba na Desemba, kazi ilikuwa palizi baada ya palizi, na kuanzia Mei au Juni tulichuma, watoto kwa wakubwa, tukitenganisha pamba safi na pamba fifi, kwa maana ukichanganya utalipwa yote kwa bei ya fifi. Baada ya hapo miti iling'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke mwaka. Pamba ilipimwa kwenye chama cha msingi, ikapakiwa kwenye lori, nasi tukaiaga. Ilikokwenda sikujua. Nilipokuwa Chuo cha Ualimu Butimba, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ndipo nilipoingia kwa mara ya kwanza katika kiwanda cha nguo cha Mwanza na kuona pamba ikiwa uzi, na uzi ukiwa kitambaa. Nilisimama mbele ya mashine ile kwa kelele zake zote, nikasema moyoni: kumbe.

Hizo zilikuwa enzi za Azimio la Arusha. Dar es Salaam kulikuwa na Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, na Musoma baadaye kikaja Mutex. Sitaki kuzisifu enzi hizo kupita kiasi, maana nilikuwepo. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 tulipanga foleni kwa ajili ya kipande cha kaniki, na wengine walizikwa bila sanda ya maana. Hivyo mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mitumba ikaanza kumwagika sokoni, mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Koti nililolivaa miaka kumi kwenye sherehe za shule lilitoka kwenye belo. Viwanda vyetu vilivyokuwa vimechoka kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni ndivyo havikuweza kushindana.

Basi, karibu na shule yangu palikuwa na fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza ya duka na cherehani zake mbili za miguu, pamoja na vijana wawili aliowafundisha kazi. Kila Desemba watoto walipanga mstari mbele yake kupimwa sare. Alikuwa akipima kwa futi kama mafundi wote, lakini kwenye kaptula na sketi aliongeza upindo wa vidole vinne, akaukunja kwa ndani. "Mtoto hukua, Mwalimu, nguo haikui." Mwaka wa pili mzazi alirudi, fundi akafumua upindo, na sare ikaendelea. Halafu malipo: aliandika jina la mzazi katika daftari lake refu, akasubiri. Pamba ikiuzwa Julai, analipwa. Si wote waliolipa, lakini walio wengi walilipa, kwa kuwa Januari ingine ilikuwa mbele na fundi ni yule yule.

Mwaka 1996 akaja mfanyabiashara kutoka mjini na sampuli za sare zilizoshonwa tayari, kutoka nchi za nje, zimekunjwa katika mifuko ya nailoni. Bei yake ilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja ya bei ya fundi. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimewafundisha watoto wa darasa la sita faida na hasara mpaka chaki ikaniingia mapafuni. Nikazidisha tofauti ile kwa idadi ya wanafunzi, nikaona fedha nyingi zitakazobaki mikononi mwa wazazi maskini, nikaipeleka hesabu hiyo mbele ya kamati ya shule ambayo mimi nilikuwa katibu wake. Mama mmoja akauliza, "Na huyo naye atakopesha?" Nilimjibu kwamba hilo tutaliangalia. Hatukuliangalia. Niliandika barua kwa wazazi wote kwamba sare zinunuliwe kwa mfanyabiashara huyo, ili shule nzima iwe na rangi moja, nikaigonga muhuri. Msomaji atauliza kama nilipewa kitu. Nilikunywa soda, na shule ikapata mpira mmoja wa miguu.

Anayeijua Januari ya mkulima wa pamba hahitaji kuelezwa. Fedha ya msimu imekwisha, chakula cha ghala kinaelekea ukingoni, na shamba linadai palizi. Mfanyabiashara alitaka fedha taslimu. Shule ilipofunguliwa mwaka 1997 nilihesabu watoto thelathini na mmoja paredini wasio na sare, au wenye sare zisizositiri. Kanuni ilikuwa kuwarudisha nyumbani, nami nikawarudisha. Baadhi ya wazazi walikimbilia kwa fundi; lakini fundi alikuwa ameiona barua yangu, na mwaka ule hakuweka kitambaa.

Wengi walirudi polepole. Msichana mmoja wa darasa la tano, hodari wa hesabu kuliko wavulana wote wa darasa lile, alirudi baada ya Pasaka, akakuta wenzake wako mbali. Hakumaliza la saba. Nisimtaje jina. Siku hizi anauza vitunguu mnadani, hunipa shikamoo kila tukionana, na mimi hununua vitunguu vyake hata kama nyumbani vipo.

Kufikia Aprili zile kaptula zilianza kupasuka kwenye mshono wa nyuma. Wazazi wakazipeleka kwa fundi, naye akazigeuza ndani nje, akawaonyesha: hakuna upindo, hakuna kitambaa cha kufumulia. Akaweka viraka. Mwaka uliofuata tuliifuta barua ile, lakini fundi alikuwa ameshauza cherehani moja na vijana wake wameondoka, mmoja kwenda machimboni. Kile nilichokihesabu kuwa akiba ya wazazi kilikuwa kimekula mkopo wao wa miezi sita na mwaka wa pili wa kila kaptula, na vitu hivyo viwili havikuwa vimeandikwa kwenye sampuli.

Nilimsimulia mjukuu wangu habari hizi asubuhi yake. Alinyamaza muda, kisha akasema twende Mwanza tukamnunulie bibi khanga, na iwe iliyotengenezwa nchini. Tulizunguka maduka manne. Katika duka la tatu muuzaji alimcheka bila ubaya: "Dada, maneno ni ya kwetu, khanga yenyewe ya India." Na ni kweli, nyingi ya khanga zinazosema Kiswahili safi kabisa huchapwa India na China. Mababu zetu walikuwa wakweli zaidi katika hili. Kitambaa kilicholetwa na meli za Marekani Unguja kuanzia miaka ya 1830 walikiita merikani, na hata meli hizo zilipopungua wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, na viwanda vya Bombay vikachukua nafasi, jina halikubadilika. Angalau ukitamka jina la nguo ulijua kwamba ilivuka bahari.

Nilimwambia pia jambo lililomshangaza: yawezekana shati lililoandikwa jina la nchi ya mbali limefumwa kwa pamba ya hapa hapa Kwimba. Sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa nyuzi zilizochambuliwa tu, zimefungwa kwenye robota. Inakwenda, inafumwa, inavaliwa na watu wengine, na baadhi yake haikosi kuturudia ndani ya belo la mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kufunga soko lake, wengine wakarudi nyuma. Rwanda ilishikilia uamuzi wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa AGOA. Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba mjane anayenunua gauni la mtumba mnadani simlaumu. Wakubwa wenyewe jambo hili limewashinda.

Lakini kikapu kile bado kilinisumbua. Jumamosi nilikwenda mnadani pamoja na mjukuu wangu, tukamwendea mama anayesuka vikapu. Namfahamu, nimemfundisha mwanawe. Nikamwuliza, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini ya kununua kwake, kikapu kimoja kinamchukua muda gani. Akasema siku tatu, nne zikijumlishwa na kwenda kutafuta ukindu, maana siku hizi uko mbali. Nikapiga hesabu pale pale nimesimama. Fedha ninayompa haifiki hata posho ya kibarua wa siku moja wa kupalilia, na bado kila mara huwa namwomba apunguze. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 wateja wake wameongezeka, bei yake haikuongezeka, kwa sababu sisi sote tunaomjua kwa jina tunaona ni aibu kutompunguza bei. Mjukuu wangu alilipa mara sita zaidi kwa mtu asiyemjua, kijikaratasi chenyewe hakina jina la msukaji wala kijiji chake. Mimi nilikuwa na jina, kijiji na mtoto wake darasani kwangu, nikamlipa hivyo. Sijui ni nani kati yetu aliyestahili kumcheka mwenzake usiku ule.

Yule fundi yu hai. Umri wetu unakaribiana, na bado yuko kwenye baraza ile ile, ingawa siku hizi kazi yake kubwa ni kukata na kubana suruali za mitumba. Baada ya mjukuu wangu kuondoka nilimpelekea kitambaa cha kitenge ambacho tulikipata mwishowe kwenye duka la nne, chenye jina la kiwanda cha Tanzania kwenye pindo, anishonee shati. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kuhusu barua ya mwaka 1996. Tumekutana mara elfu tangu wakati ule, misibani na harusini, na hatujaitaja.

Nilipomaliza kusema aliendelea kupima mabega yangu. "Ile kaki ya mwaka ule nayo ilitoka nje, Mwalimu," alisema. "Ya hapa ilikuwa imeshaadimika. Ungeniuliza ningekwambia." Akaandika kipimo kwenye daftari. "Lakini mkopo ulikuwa wangu."

Sikuwa na la kujibu. Nikamwuliza ufundi ni kiasi gani, akataja, nikatoa fedha nikampa kama alivyosema. Alizishika bila kuzihesabu, akanitazama juu ya miwani yake.

"Hukupunguza hata shilingi. Unaumwa, Mwalimu?"

Nikamwambia siumwi. Akasema shati litakuwa tayari Jumamosi.