Tukiwakataza pipi, tuwape nini badala yake?

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, maongezi ya akina mama mtaani kwetu huwa ni yale yale: sare, madaftari, viatu vilivyobana miguu. Suala la mtoto atakula nini saa nne aghalabu humalizwa kwa sarafu ya shilingi mia tano na maneno mawili: "Utanunua getini."

Sina ugomvi na wanawake wanaouza getini. Wengi wao wanalea mayatima kwa sinia la mihogo, na karanga zao au embe bichi lenye chumvi na pilipili ni chakula chema kabisa. Ninachokilalamikia ni barafu za maji ya sukari na rangi, pipi, na ule ubuyu uliopakwa wekundu unaobaki ulimini hadi Magharibi, ilhali ubuyu wenyewe, mweupe kama alivyouumba Mola wetu, una vitamini C tele na hauhitaji rangi ya mtu.

Lililonifanya nilitafakari jambo hili kwa uzito ni zawadi. Mwaka jana mjomba wa watoto wangu, anayeishi Uingereza, alikuja likizo na pakiti za pipi laini zenye picha za matunda: embe, nanasi, zabibu. Kwa desturi yetu ya nyumbani, hakifunguliwi kitu cha pakiti kabla ya kusomwa mgongoni. Nilisoma. Sukari ilitangulia, na mbele kidogo ikatajwa jelatini ya nguruwe, waziwazi, bila kufichwa. Kwa asiyeijua, jelatini ni kitu cha kugandishia kinachochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ikiwa ni ya ng'ombe aliyechinjwa kisharia haina tatizo, lakini nyingi hutokana na nguruwe, na si kila pakiti huitaja asili yake. Kaka yangu alifadhaika sana. Nikamwambia, "Kaka, nia yako tumeipokea, na thawabu yake iko kwa Allah," na pakiti zikaondolewa.

Binti yangu wa miaka minane hakulia. Aliniuliza tu: "Mama, mbona kila kitamu ni haramu?"

Si kweli, na nilimwambia si kweli. Lakini jibu la mdomo halikunitosheleza. Mtoto anayeijua dini yake kwa njia ya kunyang'anywa tu, usile hiki, teremsha kile, atakuja siku moja kuiona kuwa ni ukuta, na siku hiyo mimi sitakuwa karibu naye kusoma pakiti. Qur'ani, katika Suratul Baqarah aya ya 168, inawaelekeza watu wale vya ardhini, na imeyaweka pamoja maneno mawili: halali na tayyib, yaani kilicho chema. Wengi wetu tunalishika la kwanza kwa meno na kulipita la pili. Soda ni halali. Hata hivyo chupa yake ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtoto mdogo, chupa moja inakaribia kulimaliza fungu hilo lote.

Basi ulipofika Desemba, msimu wa maembe nao umeiva na watoto wako nyumbani, tulianza kazi. Ni rehema iliyoje kwamba maembe hurundikana sokoni wiki zile zile za likizo! Tulinunua fungu la yale yaliyoiva mno, ambayo muuzaji anataka yaondoke kabla ya jioni. Yaliyoanza kuchacha hayafai, hata yakiwa ya bure. Tuliyamenya, tukayasaga, yenye nyuzi tukayachuja, tukakamulia ndimu ili rangi isififie, kisha tukayachemsha kidogo huku tukikoroga. Hatukutia sukari. Uji wake ulitandazwa juu ya sinia lililopakwa mafuta ya nazi, wembamba wa chapati, ukafunikwa kwa kitambaa cha neti na kuwekwa juani juu ya meza ambayo miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji. Bila makopo hayo, sisimizi wangeanza kula kabla yetu.

Hewa ya pwani ina unyevu, na mawingu ya vuli hayana ahadi. Sinia hutolewa saa tatu asubuhi na kurudishwa ndani kabla ya umande. Siku mbili zikiwa za jua kali, tatu au nne zikiwa za mawingu. Embe limekauka pale kidole kisiponata na tandiko lote likabanduka kama karatasi. Likiota ukungu hata doa moja, tupa lote, usikate kipande na kukibakiza kingine. Lililo salama hukatwa vipande na kuhifadhiwa katika chupa kavu yenye mfuniko.

Mapera ndiyo yaliyomfurahisha zaidi binti yangu. Pera lina kigandishi chake lenyewe, pektini, kwa hiyo ukilichemsha, ukalichuja mbegu, kisha ukalikoroga polepole kama halua mpaka liachane na sufuria, likipoa hukatika vipande laini vyenye kutafunika. Alikuwa akikoroga mwiko ghafla akasema, "Kumbe hata nguruwe hahitajiki!" Bibi yake alicheka hadi akakaa chini.

Siku za haraka tunaponda tende, tunazichanganya na nazi iliyokunwa na kukaangwa kidogo bila mafuta, tunaviringa vidonge. Dakika kumi.

Nisifiche upande wa pili: tunda lililokauka hunata menoni, na sukari yake ya asili imejikusanya mahali padogo. Ndiyo maana vipande ni viwili tu, pamoja na chupa ya maji, na mswaki usiku hauna udhuru. Tunda bichi, kipande cha papai au ndizi, bado ndilo bora linapopatikana.

Shuleni, mwenzake wa dawati, binti wa Kikristo, hubadilishana naye embe kwa kiazi kitamu cha kuchemsha, na mama yake alikwisha kuja kuniuliza kuhusu makopo ya maji. Kufikia katikati ya Februari tulibakiwa na chupa moja tu, ya ukwaju uliokaushwa, ambao hakuna aliyeupenda isipokuwa baba yao.