Huduma ya Kwanza, Angani na Ardhini

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Mhudumu wa ndege ni mmoja wa watu wanaoishi na ukweli wa kauli hiyo kila siku. Hawezi kuizuia kila ajali, wala yeye si tabibu. Hata hivyo, ametwikwa jukumu la kumhifadhi mgonjwa hadi tabibu apatikane.

Huko Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, majirani waliamini kuwa binti yao alikwenda Nairobi kusomea kugawa chai angani. Hata bibi yake, ambaye kwa desturi ya Wakamba alimwita susu, alidhani hivyo. Lau wangaliijua historia ya kazi hiyo, wangalisema mengine. Mwaka 1930, Ellen Church wa Marekani alipokuwa mwanamke wa kwanza kuhudumia abiria ndegeni, yeye na wenzake walichaguliwa kwa kuwa walikuwa wauguzi.

Chuoni binti huyo alijifunza mengi. Alifundishwa kuwa hewa iliyomo ndani ya ndege irukayo juu sana huwa nyepesi kama ile ya mlima wenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, na kwamba hali hiyo huweza kuwadhuru wenye maradhi ya moyo au ya mapafu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulikadiria kuwa hutokea dharura moja ya kiafya katika kila safari 604, na zaidi ya thuluthi moja ya dharura hizo ni za watu kuzirai au kukaribia kuzirai. Aliyezirai hulazwa chali na miguu yake huinuliwa. Aliyesimama moyo hukandamizwa kifua mara 30, kisha hupuliziwa pumzi 2, kwa kasi ya mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika. Hayo yote aliyajua barabara, akafaulu mtihani. Lakini aliyajua kwa Kiingereza.

Desemba ilipowadia alirejea nyumbani likizoni. Siku ya karamu, mzee mmoja jirani alipaliwa na kipande cha nyama ya mbuzi. Alijishika koo, macho yakamtoka, asiweze kukohoa wala kusema. Mmoja alimletea maji, mwingine akamwinua mikono juu, wengine wakamzonga hata upepo ukakosa pa kupita. Binti alipaza sauti akiwaamuru wasogee na maji yaondolewe. Lo! Amri zile zilimtoka kwa Kiingereza, kama alivyozizoea mazoezini. Hakuna aliyesogea. Mwenye maji alizidi kukisogeza kikombe kinywani mwa mzee.

Ilimbidi apenye kwa nguvu. Alimwinamisha mzee, akampiga mara tano baina ya mabega kwa kitako cha kiganja. Nyama haikutoka. Akasimama nyuma yake, akaiweka ngumi juu kidogo ya kitovu, akaifunika kwa mkono wa pili, akavuta kwa ndani na kwa juu. Mara ya tatu kipande kikaruka. Mzee akavuta pumzi, watu wakamshukuru Mungu.

Jioni susu alimwita kando ya moto. "Mjukuu wangu, leo ulikuwapo. Siku usipokuwapo, ni nani atakayemwokoa mtu?"

Swali hilo lilimkosesha usingizi. Kesho yake aliwakusanya kina mama chini ya mbuyu, aanze kufundisha. Soko la Tseikuru huwakutanisha Wakamba, Watharaka na Wasomali, hivyo aliamua kutumia Kiswahili. Hapo ndipo alipoupata mtihani ambao chuoni hakuupata. Ule ulalo wa kumhifadhi aliyepoteza fahamu aliutafsiri neno kwa neno, akauita "nafasi ya kupona". Mama mmoja akamjibu kwa upole, "Nafasi ya kupona anayo Mungu, mwanangu. Sisi tuambie la kufanya." Wenzake wakacheka, naye akacheka kwa haya. Kisha akasema upya: "Akiwa bado anapumua, mlazeni ubavu, kichwa kielekee nyuma kidogo, ili matapishi yatoke yasimwingie kwenye pumzi." Mara hii walielewa, wakajaribishana wao kwa wao.

Waliuliza pia kuhusu nyoka. Katika masomo yake ya angani nyoka hakutajwa. Hakuona aibu kukiri, akaenda kumwuliza muuguzi hospitalini. Alirudi na maneno machache: msichanje, msinyonye sumu, msikaze kamba, msitegemee jiwe jeusi, vueni pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na mgonjwa akimbizwe hospitalini. Jambo hilo si dogo, kwani mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa ya nchi za joto.

Likizo ilipokwisha, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa ameyaandika maagizo yote kwa Kiswahili katika karatasi moja, ikabandikwa ukutani sokoni. Binti akarudi kazini kwake akiwa na nakala mkobani.

Wasomi wa Kiswahili wamejadili kwa miaka mingi uundaji wa istilahi, na kazi hiyo ni ya kusifiwa. Hata hivyo, istilahi ya huduma ya kwanza haipimwi kamusini; hupimwa pale mtu anapokosa pumzi na jirani yake ana dakika chache tu za kuelewa na kutenda. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti ana kazi tele katika masanduku ya dawa, mabasi na viwanja vya shule. Aanze kwa kuwasomea tafsiri yake kina mama walioketi chini ya mbuyu. Wakiuliza, "Tufanye nini?", ajue kuwa kazi yake haijakwisha.