Mwana Wetu na Mchezo wa Televisheni

Wazazi wenzetu, tunawaandikia jambo lililotupata nyumbani mwetu, hapa Kalemie. Hatuoni haya kulisema, kwa maana tumekwisha kujua kuwa nyumba nyingi zina la namna hiyo.

Mwaka jana tuliitwa shuleni. Mwana wetu wa kwanza, mwenye miaka 15, hakuwa amelipa minervali ya miezi miwili, nasi fedha tulimkabidhi mkononi. Tukauliza huku na huku. Kumbe zote zilikwisha katika chumba kimoja karibu na soko, ambamo vijana hutoa franka kwa kila mchezo, wapate kucheza mpira katika televisheni. Umeme ukikatika, mwenye chumba huwasha jenereta, wala hakuna atokaye.

Tukafanya walivyofanya baba zetu: tukashika fimbo. Kisha tukaichukua simu yake tukaifungia sandukuni. Usiku ule hakulala nyumbani. Tulimtafuta siku mbili. Tulifika hata kwenye daraja la Lukuga, tukayatazama maji kwa hofu tusiyoweza kuieleza. Mwishowe tulimkuta ufukoni kwa wavuvi wa ndagala, amelala juu ya nyavu, hajala kitu. Mama yake alimfunika kwa kitenge chake, asiseme neno.

Muuguzi mmoja wa parokia yetu ndiye aliyetufumbua macho. Alitueleza kwamba Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2019 kuutia uraibu wa michezo hiyo katika kitabu chake cha magonjwa, na kitabu hicho kimeanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia; mchezo unatangulia masomo, chakula na usingizi; naye huendelea ingawa anaona madhara. Tena kwa kawaida mambo hayo huwa yamedumu miezi 12. Basi si kila kijana achezaye ni mgonjwa, na wetu hakuwa amefika huko. Lakini michezo yenyewe imetengenezwa kwa werevu: ushindi huja usipoutazamia, na mchezo mmoja ukiisha mwingine umekwisha kufunguliwa. Ni kama mvuvi aliyepata samaki mkubwa mara moja usiku. Harudi pwani mpaka kuche.

Jioni moja tukamwuliza kwa upole, “Mwanangu, kule ulikuwa unatafuta nini?” Akainama, akajibu, “Baba, kule wananijua. Nikiingia wanasema, huyo amefika.”

Neno hilo lilituchoma kuliko habari ya fedha. Sisi hutoka alfajiri kwenda bandarini, na jioni tukirudi macho yetu huwa katika simu. Ni lini tulimwambia, “Huyo amefika”?

Tukapatana naye. Atacheza saa mbili siku ya Jumamosi, na saa moja Dominika baada ya Misa. Minervali tutaipeleka wenyewe. Simu zote zitalala katika kabati la mama, pamoja na yetu. Sharti hili alilitia yeye, nasi, tuseme kweli, lilituuma. Majuma ya kwanza yalikuwa ya hasira na uongo, na mara moja alitoroka tena. Hatukumpiga. Tulikwenda tukaketi kando yake mle chumbani, tukaomba atufundishe. Alitufunga mabao sita, vijana wakacheka mno.

Padri naye alimsimulia habari za Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Huyo alipenda michezo hii, akajiwekea saa moja tu kwa juma. Mwana wetu alishangaa: “Saa moja kwa juma lote!” Hatukumdai awe mtakatifu kwa siku moja. Alijiunga na Xaveri, chama kile kilichozaliwa Bukavu, na siku hizi anajifunza ngoma; majirani wamekwisha kulalamika.

Jumamosi iliyopita alikwenda sokoni kucheza. Alirudi amechelewa dakika kumi, anahema kwa kukimbia, akatazama saa ukutani kisha akatutazama sisi. Tukasema, “Huyo amefika,” mama yake akampakulia ugali.