Njia Inayozunguka Altare

Njia ya mahujaji itokayo Le Puy huingia Conques, kusini mwa Ufaransa, kwa mteremko mkali wa mawe. Niliteremka kwa fimbo, magoti yakilalamika, hadi paa za kijivu zikaonekana bondeni. Kijiji ni kidogo mno, kanisa la Mtakatifu Foy ni kubwa mno, na chanzo chake ni wizi. Katika karne ya 9 mtawa wa hapa aliiba huko Agen masalia ya Foy, msichana aliyeuawa kwa imani yake enzi za Warumi. Watu wakayafuata, na sadaka zikafuata watu. Karne ya 11, abate Odolric akaanza kujenga kanisa la kutosha umati huo.

Juu ya mlango wa magharibi imechongwa Siku ya Hukumu, yenye sanamu 124, baadhi zingali na rangi. Peponi wameketi watulivu chini ya matao. Motoni ndiko kwenye mambo: mpanda farasi anaporomoka kichwangomba, bahili ananing'inia na mkoba shingoni. Mchongaji, nadhani, alifurahia zaidi upande huo.

Ndani, ukumbi ni mwembamba na dari la mawe, mviringo kama pipa lililopasuliwa, liko mita 22 juu. Uzito huo husukuma kuta nje. Mafundi waliukabili kwa roshani zilizo juu ya vijia vya pembeni, zenye dari la robo duara linaloegemea ukuta na kuuzuia. Kwa hiyo mwanga huufikia ukumbi kwa kupitia roshani, ukichujwa na vioo visivyo na rangi vya mchoraji Pierre Soulages, vilivyokamilika mwaka 1994. Wapo wanaovichukia. Mimi naona vimeyaacha mawe yajisemee.

Vijia vyenyewe huzunguka hadi nyuma ya altare, ili mahujaji wayapitie masalia bila kuwakatiza watawa sala. Tulizunguka kwa msururu, mabegi yakigongana, tukipita uzio wa chuma unaosimuliwa kuwa ulifuliwa kwa minyororo ya wafungwa waliomshukuru Foy kwa kufunguliwa.

Siku hizi sanamu yake ya dhahabu imehifadhiwa katika chumba cha hazina. Bernard wa Angers, msomi wa karne ya 11, aliidhihaki kama sanamu ya kipagani, kisha akageuka kuwa mwandishi wa miujiza ya Foy. Nilipotazamana na macho yale makavu, yaliyokodoka, nilimwelewa Bernard wa kwanza kuliko wa pili.