Agosti Mosi, Githurai

Githurai 45 ya mwaka 1982 haikuwa hii ya maghorofa na nyanya zinazouzwa hadi barabarani. Ilikuwa mashamba ya kahawa, nyumba chache za mabati na vumbi. Jumapili ile jirani alituita tusikilize redio yake: Leonard Mambo Mbotela, yule yule wa "Je, Huu ni Ungwana?", anatangaza kwamba serikali ya Moi imepinduliwa, na polisi wawe raia tu. Baadaye ndipo tulijua alikuwa anasomeshwa kwa mtutu wa bunduki na kina Hezekiah Ochuka wa jeshi la anga.

Kambi ya jeshi ya Kahawa iko hapo mbele tu. Malori yalipoteremka Barabara ya Thika kuelekea mjini, hatukujua tuyashangilie au tuyakimbie. Ya nani? Wote askari wetu, kiapo kimoja, bunduki zilezile.

Kabla jua halijatua kituo cha redio kilikuwa kimekombolewa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed. Magharibi kijana akachomoza kwenye mibuni, anatetemeka, anaomba suruali. Mama mmoja akamrushia ya mumewe. Ikamwishia juu ya vifundo, buti za jeshi nje nje! Kwa buti zile sidhani alivuka hata Kasarani.

Siku zilizofuata tulitembea mikono juu, kipande kimeshikwa hewani. Wanajeshi wakaingia nyumba kwa nyumba wakitafuta mali iliyoporwa mjini. Huna risiti, huna redio. Ya jirani ikaenda hivyo, na alikuwa ameinunua kwa jasho lake. Nani huweka risiti ya redio ya miaka sita?

Ukubwani nilisoma jinsi washirika wa Roma huko Italia walivyoiasi mwaka 91 kabla ya Kristo. Walikuwa wameipigania miaka na miaka, mbinu zake zote wanazijua. Roma iliwapiga, lakini pia ikawapa uraia waliokuwa wakiudai. Huku kwetu jeshi zima la anga lilivunjwa mwezi uleule. Ochuka alitorokea Tanzania kwa ndege, akarudishwa, akanyongwa Kamiti mwaka 1987. Habari zake zinajulikana. Mimi huulizia wapishi na mafundi wa ndege waliozolewa pamoja, aliyeasi na aliyekuwa usingizini, wakarudishwa vijijini bila kazi. Hao hakuna aliyewahi kuwaita redioni.